Kichupa cha dawa kije na kiunganishi chake

Mtu anapochomwa sindano hospitalini, mawazo yake yote huwa kwenye ile ncha ya chuma. Wengine hugeuza uso ukutani, wengine hufumba macho. Ni wachache wanaotazama kilichofanyika dakika mbili kabla, pale mezani, dawa ilipokuwa inatolewa kwenye kichupa na kuingizwa kwenye bomba la sindano. Mwezi huu tunawaomba mtazame hapo. Sisi wauguzi tunaamini kwamba usalama wa sindano huanzia pale mezani, na kwamba mahali hapo pamesahauliwa na wanaotengeneza dawa, wanaozinunua, na hata wanaotusimamia.

Hoja yetu ni moja, nasi tunaisema mapema. Kila kichupa cha dawa ya sindano ambacho dawa yake huchanganywa na maji, au ambacho hutolewa dozi zaidi ya moja, kingepaswa kuja na kiunganishi chake kilichotakaswa, ndani ya boksi lilelile. Kiunganishi hicho kiwe kimebuniwa kwa namna ambayo hakiwezi kutumika kwenye kichupa cha pili. Kikija peke yake, kwa bei yake na kwa njia yake, kitatuletea tatizo jipya badala ya kuondoa la zamani. Tuone sababu zake.

KICHUPA KINAVYOFANYA KAZI

Kichupa cha dawa ya sindano ni kioo kilichozibwa kwa kizibo cha mpira, na kizibo hicho hubanwa kwa pete ya bati. Kikitoka kiwandani, ndani yake hakuna kijidudu hata kimoja. Usafi huo hudumu mpaka muuguzi wa kwanza anapotoboa mpira.

Sasa fikirini jambo hili. Kichupa hakisinyai kama mfuko wa maji. Ukitaka kutoa mililita 5 za dawa, ni lazima uingize mililita 5 za hewa, la sivyo dawa itagoma kutoka. Hewa hiyo inatoka wapi? Inatoka wodini, mahali ambapo watu wanakohoa, mashuka yanakung'utwa na sakafu inafagiliwa. Tunaitia kwenye bomba, tunaisukuma ndani ya kichupa, halafu tunavuta dawa. Kila dozi inayotoka huachia nafasi yake hewa ya wodi.

Jambo la pili ni lile tundu. Mpira mpya hujifunga wenyewe sindano ikitolewa, lakini ukitobolewa mara nyingi huchoka. Zaidi ya hapo, sindano nene ikiingia vibaya hukata kipande kidogo cha mpira, kama mtu anayetoboa ugali kwa bomba la kalamu. Kipande hicho huelea ndani ya dawa, na muuguzi asipokiona chaweza kuvutwa na kwenda kwa mgonjwa.

La tatu ni mgandamizo. Zipo dawa za unga ambazo zikichanganywa na maji hutoa gesi. Seftazidimu ni mojawapo. Muuguzi anayejua huiacha gesi itoke polepole. Asiyejua hurushiwa dawa usoni, au huona bomba likijisukuma lenyewe mkononi mwake.

SINDANO ILIYOACHWA JUU YA KICHUPA

Kutokana na shida hizo ndipo yalipozaliwa mazoea ambayo yameonekana katika wodi nyingi, za serikali na za mashirika ya dini, hapa kwetu na kwingineko. Sindano moja hutobolewa kwenye kizibo na kuachwa hapo imesimama kama mlingoti. Kila anayehitaji dawa huja na bomba lake, hulipachika kwenye sindano hiyo, huvuta na kuondoka. Kazi huenda haraka na mpira hautobolewi mara ishirini. Ukiwa na wagonjwa arobaini na wauguzi wawili usiku, jambo hilo huonekana kuwa la busara.

Si la busara. Sindano iliyoachwa ni mlango uliofunguliwa. Vumbi, matone ya kikohozi na vijidudu vya mikononi hupita katika tundu lake na kufika kwenye dawa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa sindano salama wa mwaka 2010, lilisema wazi kwamba sindano isiachwe kwenye kizibo cha kichupa.

Kuna wanaodhani kwamba ukibadilisha sindano, bomba laweza kurudi kwenye kichupa bila madhara. Hao na wasikie yaliyotokea Las Vegas, Marekani. Mwaka 2008 iligundulika kwamba katika kliniki moja ya huko wagonjwa walikuwa wameambukizwa homa ya ini aina ya C. Wahudumu walikuwa wakimpa mgonjwa dawa ya usingizi, na ikihitajika kuongezwa walibadilisha sindano lakini bomba likabaki lilelile. Bomba hilo lilirudi kwenye kichupa likiwa na chembe za damu zisizoonekana kwa macho, na dawa iliyobaki ikatumiwa kwa mgonjwa mwingine. Watu wapatao 40,000 waliandikiwa barua waende kupimwa damu. Hiyo ilikuwa kliniki ya nchi tajiri, yenye umeme, maji na vifaa vya kutosha. Kwa hiyo tusidanganyike kwamba jambo hili ni la maskini tu.

JE, DAWA YA KUZUIA VIJIDUDU HAITOSHI?

Msomaji mwenye ujuzi atasema: vichupa vya dozi nyingi, kama insulini, huwa na kemikali ya kuzuia vijidudu. Ni kweli, nasi tunashukuru kwa hilo. Lakini kemikali hiyo haiui bakteria papo hapo, na haikuwekwa humo kwa ajili ya kuua virusi. Ni kama chumvi kwenye samaki: hukawiza kuoza, lakini haimfanyi samaki aliyeanguka topeni kuwa safi.

Tena kuna wagonjwa wasioweza kupewa kemikali hizo. Mwaka 1982 madaktari wa Marekani waliripoti vifo vya watoto njiti waliokuwa wamepewa maji ya sindano yenye pombe ya benzili, ambayo ni mojawapo ya kemikali hizo. Watoto hao walitweta, damu yao ikajaa asidi, wakafa. Tangu hapo imejulikana kwamba mtoto mchanga asichanganyiwe dawa kwa maji ya aina hiyo.

Na ni mtoto mchanga huyohuyo anayetutia mashaka zaidi. Tuchukue mfano wa ampisilini. Mtoto mwenye kilo 2 akipewa miligramu 50 kwa kila kilo, dozi yake ni miligramu 100. Kichupa kina miligramu 500. Mtoto mmoja ametumia sehemu moja ya tano, na sehemu nne zimebaki. Dawa hiyo ikishachanganywa haina kemikali ya kuzuia vijidudu, na inapaswa kutumika ndani ya saa moja. Muuguzi anayekitazama kichupa kile anajua kwamba stoo imebaki na vichupa vichache, na kwamba mama wa mtoto wa kitanda cha pili ameambiwa akanunue dawa nje wala hana fedha. Ndipo ubahili na huruma vinaposhikana mikono, na kichupa kikawekwa pembeni kwa ajili ya dozi ya jioni. Mtoto aliyekuja na homa ndogo aweza kuondoka duniani kwa sumu ya damu aliyoipatia kwenye dawa.

KIUNGANISHI NI KITU GANI?

Kwa miaka mingi wataalamu wamebuni vifaa vya kuondoa sindano katika kazi ya kuvuta dawa. Tuviite viunganishi. Kilicho cha kawaida ni kipande cha plastiki chenye umbo la kifuniko. Upande wa chini kina mwiba wa plastiki unaotoboa mpira mara moja tu. Pembeni kina meno yanayoshika shingo ya kichupa ili kisichomoke. Vichupa vingi vina kizibo cha milimita 13 au milimita 20, na viunganishi hutengenezwa kufuata vipimo hivyo. Upande wa juu kina mdomo wa kupachikia bomba, na katika vile vizuri zaidi mdomo huo una kizibo cha silikoni kinachofunguka bomba likibanwa na kujifunga bomba likitolewa. Kabla ya kupachika, muuguzi husugua silikoni hiyo kwa spiriti na kuiacha ikauke.

Uzuri mkubwa wa kiunganishi chenye njia ya hewa uko kwenye chujio lake. Hewa inayoingia kichupani kuchukua nafasi ya dawa hupita katika chujio lenye matundu ya maikroni 0.2. Maikroni moja ni sehemu ya elfu moja ya milimita. Bakteria kama wale wa majipu wana ukubwa wa karibu maikroni moja, kwa hiyo hunaswa nje. Virusi ni wadogo zaidi, lakini hao huletwa na bomba lililotumika wala si na hewa, na hakuna chujio litakalomponya mtu anayerudisha bomba chafu kwenye kichupa.

Kuna aina nyingine iliyofungwa kabisa, ambayo hairuhusu kitu kuingia wala mvuke wa dawa kutoka. Hiyo ilibuniwa kwa ajili ya dawa za saratani. Mwaka 2004 taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, NIOSH, ilitoa tahadhari kwamba wahudumu wanaochanganya dawa hizo wanaweza kudhurika kwa kuzivuta puani na kuzigusa, na ikashauri kwamba vifaa vya namna hiyo vifikiriwe. Wauguzi wenzetu wanaochanganya dawa za saratani katika hospitali zetu kubwa wanajua vizuri tunachosema. Wengi wao ni akina mama walio katika umri wa kuzaa.

Hata hivyo kiunganishi si hirizi. Mwaka 1995 huko Marekani ilichapishwa taarifa ya wagonjwa waliokuwa wakipewa dripu nyumbani kwa viunganishi visivyo na sindano, ambao damu yao iliambukizwa kuliko ya wale waliotumia vifaa vya zamani. Kifaa kilikuwa kipya, lakini upya huo haukuwakinga. Kadhalika kiunganishi hakiongezi hata dakika moja ya uhai wa dawa. Ampisilini ya saa moja itabaki ya saa moja.

FUNZO LA BOMBA LINALOJIFUNGA

Wasomaji walio na umri wetu wanakumbuka enzi za kuchemsha mabomba ya kioo kwenye sufuria, na baadaye mabomba ya plastiki yaliyokusudiwa kutumika mara moja lakini yakatumiwa mara nyingi. Mahubiri yalikuwa mengi. Karatasi zilibandikwa ukutani, semina zikafanyika, lakini mabomba yaliendelea kurudiwa palipokuwa na uhaba.

Kilichobadilisha mambo katika chanjo ni umbo la bomba lenyewe. Lilitengenezwa bomba ambalo pistoni yake ikishasukumwa hadi mwisho hujifunga, hata mtu alazimishe namna gani. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na UNFPA yalitoa tamko la pamoja kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 2003 nchi zote zitumie mabomba ya aina hiyo peke yake kwa chanjo. Tena yakasema jambo ambalo kwetu ni kubwa zaidi: chanjo, mabomba yanayojifunga na sanduku la kutupia sindano vitolewe kwa pamoja. Nesi wa kliniki ya mama na mtoto hakuachiwa nafasi ya kupokea chanjo bila bomba, wala bomba bila sanduku.

Hapo tunajifunza mambo mawili. La kwanza, muuguzi aliyechoka saa tisa usiku hasaidiwi na karatasi ya ukutani kama anavyosaidiwa na kifaa kinachokataa kufanya kosa. La pili, vitu vinavyotegemeana visafiri pamoja. Kwa nini basi mambo haya mawili yaishie kwenye chanjo, wakati wodini kila siku tunatoa dawa za kutibu?

Wala hatuombi jambo lisilowezekana. Dawa za watu wenye ugonjwa wa hemofilia, wale ambao damu yao haigandi, kwa muda mrefu sasa huuzwa katika boksi lenye kichupa cha unga, maji ya kuchanganyia na kiunganishi kisicho na sindano. Mgonjwa mwenyewe, au mama wa mtoto mgonjwa, huchanganya dawa nyumbani. Kama mama asiyesomea uuguzi anaweza kuandaliwa boksi kamili, wodi ya watoto wachanga nayo inastahili.

VIUNGANISHI VILIVYOKUJA PEKE YAKE

Tunajua hospitali moja, ambayo hatutaitaja, iliyopokea boksi la viunganishi kama msaada. Vilikuja bila dawa, na maelezo yake yalikuwa katika lugha ambayo hakuna aliyeisoma. Kwa wiki chache vilipendwa sana. Vilipoanza kupungua, ilitolewa amri vilowekwe kwenye dawa ya klorini, visuuzwe, vianikwe na kurudishwa wodini. Wauguzi waliokataa waliambiwa wana majivuno. Chujio likishalowa halichuji tena ipasavyo, na silikoni ikishaliwa na klorini haifungi. Wodi ile ilikuwa na kifaa kilichoonekana cha kisasa, nacho kilikuwa kichafu kuliko sindano mpya ya kawaida.

Hatumlaumu aliyetoa msaada, wala hatusemi wakubwa wa hospitali ile walikuwa na nia mbaya. Walikuwa wanabana matumizi. Lakini wahenga walisema rahisi inavunja upishi. Kifaa kinachoweza kurudiwa kitarudiwa, mahali popote penye uhaba. Anayebuni kifaa bila kulifikiria hilo amebuni nusu.

MDOMO MMOJA KWA KILA KITU

Liko jambo jingine wabunifu wanalopaswa kulitazama, nalo ni ule mdomo wa juu wa kiunganishi. Karibu mabomba yote ya sindano duniani yana ncha ya umbo moja, iliyopata jina la Luer, mtengenezaji wa vifaa vya hospitali wa Paris, mwishoni mwa karne ya 19. Ncha hiyo hupungua unene kwa asilimia 6, na ndiyo maana bomba la kutoka China huingia kwenye sindano ya kutoka India bila shida. Hiyo ni baraka kubwa kwa hospitali kama zetu.

Lakini kinachoingia kila mahali huingia hata mahali pasipofaa. Mwaka 2001, katika mji wa Nottingham, Uingereza, kijana wa miaka 18 alidungwa kwenye uti wa mgongo dawa ya saratani iitwayo vinkristini, ambayo hupaswa kwenda kwenye mshipa wa damu tu. Alifariki baada ya wiki chache. Bomba lilikubali kuingia kwenye sindano ya mgongo kwa sababu midomo ilikuwa sawa. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba dawa hiyo isitolewe kwa bomba, bali itiwe kwenye mfuko mdogo wa dripu. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilitoa viwango vya midomo tofauti kwa ajili ya sindano za mgongo na kwa ajili ya mipira ya kulishia chakula tumboni. Hapo tena, umbo la kifaa lilipewa kazi ambayo onyo la mdomo lilishindwa kuifanya.

TUNACHOOMBA

Kwa wanaobuni na kutengeneza, maombi yetu ni haya. Kwanza, kiunganishi kikishang'olewa kwenye kichupa, meno yake yavunjike au mwiba wake ujifiche, kisiweze kupachikwa kwingine. Pili, kiweze kupachikwa na mtu mmoja, mwenye glovu, kwenye mwanga wa taa ndogo. Tatu, kisibakize dawa nyingi ndani yake, maana kwa mtoto wa kilo 2 matone mawili ni sehemu kubwa ya dozi. Nne, kivumilie joto la stoo zetu, na pakiti yake isipasuke njiani kwenye barabara za vumbi. Tano, maelezo yawe kwa picha, na maneno machache ya Kiswahili, yakieleza kwamba kichupa kiwekwe mezani, mwiba uingizwe wima, na usichomolewe tena.

Kwa wanaotengeneza na kununua dawa, tunaomba kichupa na kiunganishi viwe na namba moja ya oda na boksi moja. Na kwa dawa za watoto wachanga tunaomba zaidi: vitengenezwe vichupa vidogo vinavyolingana na mtoto. Kichupa chenye dozi ya mtoto mmoja huondoa kishawishi chote cha kuweka akiba, na hapo huenda hata kiunganishi kisihitajike.

Tunajua jibu tutakalopewa: gharama. Ni kweli kwamba kiunganishi kimoja chaweza kuzidi bei ya kichupa cha penisilini. Lakini katika hesabu hiyo kuna safu isiyojazwa. Mtoto akipata sumu ya damu hukaa wodini siku kumi na zaidi. Hupewa dawa kali na ghali, mama yake huacha shamba na watoto wengine, na nesi huwa na mgonjwa mmoja wa ziada kila zamu. Gharama hizo hulipwa na watu ambao hawakai kwenye kikao cha bajeti. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jibu la pili ni taka. Hilo tunalikubali, kwa sababu plastiki itaongezeka kwenye matanuri yetu, na mwiba wa kiunganishi ni lazima uingie kwenye sanduku la vitu vyenye ncha kali kama sindano nyingine. Ndiyo sababu hatuombi kiunganishi kwa kila dawa. Dawa ya ampuli haikihitaji. Dawa inayotumika yote mara moja kwa mgonjwa mmoja yaweza kuvutwa kwa sindano mpya, basi. Tunakiomba pale ambapo kichupa hutobolewa mara nyingi, ambapo dawa ni ya kuchanganywa, na ambapo dawa yenyewe humdhuru anayeichanganya.

WAKATI TUNASUBIRI

Boksi hilo kamili halitafika kesho. Kwa hiyo wauguzi wenzetu, hasa vijana mlioanza kazi juzi, tushike yale tuliyo nayo. Nawa mikono. Sugua kizibo kwa spiriti ya asilimia 70 na uache kikauke, kwa sababu spiriti mbichi haijamaliza kazi yake. Sindano mpya na bomba jipya kila unaporudi kwenye kichupa, hata kwa mgonjwa yuleyule. Usiache sindano juu ya kizibo. Andika tarehe na saa ya kufungua kwenye plasta. Kichupa cha dozi nyingi chenye kemikali ya kuzuia vijidudu kisizidi siku 28, au muda mfupi zaidi ulioandikwa na kiwanda. Kisicho na kemikali hiyo kisisubiri zamu ya jioni. Na kikitiliwa shaka, kimwagwe.

Nanyi wagonjwa na ndugu za wagonjwa, mna haki ya kuuliza kwa heshima. Mama aliyelaza mtoto anaweza kusema, "Shikamoo Sista. Samahani, hiyo dawa imefunguliwa saa ngapi?" Nesi mzuri atajibu, "Marahaba mama. Imefunguliwa sasa hivi, tazama plasta yake." Swali hilo si matusi wala si kumfundisha mtu kazi yake. Mwenzetu anayelikasirikia ajiulize kwa nini limemkasirisha.

Mwisho tunawageukia makatibu wa afya wa majimbo, waganga wakuu na wajumbe wa bodi za hospitali. Ninyi ndio mnaotia sahihi oda za dawa. Wauzaji huwasikiliza ninyi kuliko wanavyotusikiliza sisi, na hospitali kadhaa zikiuliza jambo moja kwa wakati mmoja, viwanda husikia. Mtakapokaa kuandaa oda ijayo na kufika kwenye mstari wa dawa za watoto wachanga, mwulizeni muuzaji: kiunganishi chake kiko wapi?